Paul Ngei na deni la Lokitaung

Nimeishi Baba Dogo mwaka wa kumi na moja sasa. Jamaa zangu wa Mombasa wakinipigia simu huniuliza kama nimeshazoea baridi ya Nairobi. Baridi nimezoea. Kilichonishinda ni ugali kila jioni, siku saba za wiki, maana huku mahindi ndiyo uhai wenyewe. Nyuma ya ploti ninayopanga kuna kisiagi, na Jumamosi ukipita hapo utakuta foleni ya kina mama na watoto, kila mmoja na ndoo yake ya mahindi, na mwenye mashine ameenea unga mpaka kwenye kope.

Ni kwenye foleni hiyo nilikofunguliwa habari za Paul Ngei. Jina nilikuwa nalijua kama kila Mkenya wa rika langu anavyolijua, lakini kulijua jina si kumjua mtu. Nina jirani, mzee wa Kikamba mzaliwa wa upande wa Kangundo, aliyemaliza nguvu zake kwenye viwanda vya Baba Dogo. Mimi huniita Ustadhi, ingawa diploma yangu ni ya uandishi wa habari na Kiarabu changu ni cha madrasa tu. Siku hiyo gorogoro ya mahindi ilikuwa imepanda bei tena, vijana wakawa wanaitukana serikali. Mzee akacheka akawaambia kwamba yeye akiwa mtoto alikula mahindi ya njano kutoka Marekani, na wakati huo waziri mwenye dhamana ya mahindi ya nchi nzima alikuwa mtu wa kwao, Paul Ngei. Kijana mmoja akauliza kama ndiye huyo Ngei wa Huruma. Yeye hukaa huko, na siku zote alidhani Ngei ni neno la zamani la kuitia mahali.

Kutoka Baba Dogo hadi wadi ya Ngei, iliyo ndani ya eneo bunge la Mathare, ni mwendo wa miguu. Maelfu ya watu wanalala wakiwa na jina hilo kwenye anwani zao na kwenye kura zao, na hawajui lilikuwa la nani. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta, na kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyoona kwamba habari hii inatuhusu sisi wa Pwani pia. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nimtambulishe mtu mwenyewe.

Paul Joseph Ngei alizaliwa Oktoba 1923 Kiima Kimwe, nje kidogo ya mji wa Machakos. Alikuwa mjukuu wa Masaku, yule mkuu wa Wakamba ambaye mji umechukua jina lake, Wazungu wakalipinda likawa Machakos. Kwa hiyo alikuwa mtu wa ukoo, na ukoo huo alitembea nao mabegani maisha yake yote. Alisoma Alliance, akaingia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akaenda Makerere. Aliporudi aliingia siasa za KAU na akachapisha gazeti kwa lugha ya Kikamba. Waliomjua wanasema alikuwa mrefu wa maneno, mcheshi, mwenye hasira za haraka, na hakumwogopa Mzungu hata chembe. Mtu wa namna hiyo miaka ya 1950 alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, polisi walizunguka kukamata viongozi. Sita kati yao walipelekwa Kapenguria kushtakiwa kwa kuongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Paul Ngei. Jaji alikuwa Ransley Thacker, na kesi ile tunajua leo ilivyopikwa. Aprili 8, 1953 walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Ngei alikuwa hajatimiza miaka thelathini.

Wakapelekwa Lokitaung. Tafuta kwenye ramani, utaikuta juu kabisa upande wa Turkana, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia, mahali ambapo jua na mawe vimeachiana zamu. Waliwekwa huko ili wasahaulike. Kenyatta ndiye aliyekuwa mtu mzima miongoni mwao, mwili ulikuwa umeshachoka, kwa hiyo akapewa kazi ya kuwapikia wenzake huku wao wakichimba na kuvunja mawe.

Hapa ndipo kuna kisa ambacho kimebeba maisha yote ya Ngei. Inasimuliwa kwamba siku moja Kenyatta aliamriwa apigwe viboko. Ngei akasimama mbele akajitolea kupigwa yeye badala ya mzee. Wapo wanaokisimulia kwa namna moja na wapo wanaokisimulia kwa namna nyingine, kama visa vyote vya jela vilivyo, lakini Ukambani hakuna anayekitilia shaka, na yaliyofuata baadaye hayaelezeki vizuri bila hicho. Jirani yangu alikisimulia kwenye foleni ya kisiagi kana kwamba alikuwepo, mpaka akaonyesha kwa mkono viboko vilivyoshuka. Vijana walinyamaza wote.

Ngei alirudi nyumbani mwaka 1961 akiwa shujaa. Wengine waliotoka kifungoni wakati ule walikuwa na subira, yeye hakuwa nayo. Akaona KANU haimpi nafasi inayomstahili, na mwaka 1962 akajitenga, akaunda chama chake, African Peoples Party. Sisi watu wa Pwani tunapaswa kukikumbuka chama hicho, kwa sababu kwenye uchaguzi wa Mei 1963 kilishirikiana na KADU ya Ronald Ngala wetu wa Kilifi, iliyokuwa ikipigania majimbo. KANU ilipata viti 83, KADU 33, na APP ya Ngei 8, karibu vyote vya Ukambani. Ngala alidhani amepata mwenza. Kufikia Septemba mwaka huo huo Ngei alikuwa ameshavunja chama na kurudi KANU, hata bendera ya Uhuru haijapandishwa. Ngala alibaki peke yake na majimbo yake, naye akasalimu amri Novemba 1964. Sisemi Ngei ndiye aliyeyaua majimbo, yalikuwa na maadui wakubwa kuliko yeye. Lakini kuna funzo alilolipata hapo mapema: ukitoka nje ukapiga kelele, utaitwa ndani na kiti utapewa.

Na kiti alipewa. Alikabidhiwa bodi ya kuuza mahindi, kisha akawa waziri wa Ushirika na Masoko. Ili msomaji aelewe uzito wa cheo hicho, lazima ajue mahindi yalivyouzwa nchi hii zama zile. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kumuuzia amtakaye. Sheria ya mkoloni, ambayo serikali huru iliirithi bila kubadilisha hata nukta, ilisema mahindi yote yauzwe kwa bodi kupitia mawakala wake, kwa bei iliyopangwa Nairobi. Kuyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Basi piga hesabu mwenyewe. Panapotokea njaa bei ya vichochoroni hupanda mara mbili, mara tatu, lakini bei ya bodi iko pale pale. Mwenye uwezo wa kuyapata mahindi kwa bei ya bodi, au kuyachukua kwa mkulima moja kwa moja, na mwenye kibali cha kuyapitisha kizuizini, huyo amelala maskini na ameamka tajiri. Na anayetoa kibali, je?

Njaa ikaja. Mvua zilipungua, na mwaka 1965 maghala ya nchi inayolima mahindi yakawa matupu. Yakaletwa mahindi ya njano kutoka Marekani. Jirani yangu anasema walikuwa wameambiwa kwamba kwao Wazungu mahindi hayo ni chakula cha mifugo, kwa hiyo mama yake aliyapika usiku ili majirani wasione rangi ya ugali. Kisha wakagundua kuwa majirani nao wanapika usiku.

Bungeni kelele zikapanda na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Chanan Singh. Ngei akasimamishwa uwaziri. Tume ilisikiliza mambo mengi ya maghala, mawakala na usafirishaji, lakini lililoshika masikio ya watu ni moja. Huko Kangundo kulikuwa na kampuni ya kusaga mahindi iliyoitwa Uhuru Millers. Mwenye kampuni alikuwa mke wa waziri. Na mahindi yalifika kwenye mashine hiyo kutoka kwa wakulima bila kupita kwenye bodi, bodi ambayo sheria yake ilikuwa chini ya waziri mwenyewe. Fikiria jina hilo pia. Uhuru Millers! Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili tu na ulikuwa umeshaingizwa kwenye kinu.

Ripoti ilitoka mwaka 1966. Nchi nyingine huo ungekuwa mwisho wa mwanasiasa. Hapa haikupita muda mrefu Ngei akawa amerudi kwenye baraza la mawaziri, safari hii Nyumba. Hakuna aliyefungwa. Kenyatta hakueleza, na hakuna aliyethubutu kumtaka aeleze. Lakini mitaani watu walijieleza wenyewe, na maelezo yao yalikuwa mafupi: viboko vya Lokitaung.

Kuanzia hapo Ngei akaishi kama mtu aliyeshika hati ya deni lisilokwisha. Visa vya madeni yake ni vingi hata ukivipunguza nusu vinabaki vingi. Alichukua bidhaa kwa mkopo, akachukua mashamba kwa mkopo, na wadai waliomfuata walipokelewa kwa mzaha au kwa fimbo. Kuna kile kisa kinachosimuliwa kila baa ya Machakos, cha gari la kifahari alilolichukua dukani Nairobi kwa kisingizio cha kulijaribu barabarani, halikurudi na halikulipwa, na mwenye duka alipodai akaambiwa apeleke bili Ikulu. Sijui kama ni kweli kwa kila nukta. Ninachojua ni kwamba Wakenya walikisimulia wakicheka, na hilo ndilo linalonisumbua. Tulimcheka mwenye duka, hatukumcheka waziri.

Sasa tufike mwaka 1975, kwa sababu hapo ndipo jambo lilipotoka kwenye mahindi na magari likaingia kwenye mfupa wa nchi.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Machi mbunge J.M. Kariuki aliuawa na mwili wake ukaokotwa Ngong. Juni kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ikaleta ripoti, na Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipopiga kura kuunga mkono ripoti hiyo alifukuzwa uwaziri. Oktoba Martin Shikuku alisema bungeni kwamba Bunge linataka kuuawa kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, naibu wa spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akaona hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili kwenye majengo ya Bunge na wakawekwa kizuizini bila kesi. Hilo ndilo Bunge lililobaki kufikia mwisho wa mwaka.

Ngei alikuwa ameshinda kiti cha Kangundo kwenye uchaguzi wa 1974, na mpinzani wake Henry Mulli akaenda mahakamani. Mahakama ikamwona Ngei ana hatia ya kosa la uchaguzi kwa kumtishia mpinzani. Adhabu ilikuwa wazi ndani ya sheria: kiti kimeondoka, na kwa miaka mitano asigombee. Katiba ilimpa rais uwezo wa kusamehe wahalifu, mwizi na hata muuaji, lakini haikumpa uwezo wa kufuta hukumu ya mahakama ya uchaguzi. Waandishi wa katiba walikuwa na sababu njema. Mtu aliyeiba kura ameiba kutoka kwa wapiga kura, na rais si mwenye mali hiyo hata aweze kuisamehe.

Basi Desemba 1975 serikali ilileta muswada wa kubadilisha katiba, rais aweze kusamehe na makosa ya uchaguzi pia. Muswada ulisomwa mara ya kwanza, ya pili, ukapita kamatini, ukasomwa mara ya tatu, yote alasiri moja. Asubuhi ya siku hiyo Kenya ilikuwa na katiba moja, jioni ilikuwa na nyingine, na aliyeshonewa vazi hilo alikuwa mtu mmoja. Ngei akasamehewa. Mwaka 1976 akagombea uchaguzi mdogo, akarudi Bungeni.

Mimi nimekaa sana juu ya alasiri hiyo. Nimejaribu kujiuliza wabunge wale walikuwa wakiwaza nini walipoinua sauti za ndio. Wengine waliogopa, bila shaka, maana viti vya Seroney na Shikuku vilikuwa mbele yao vitupu. Lakini nadhani wengi hawakuona hata kwamba wanafanya jambo baya. Waliona wanamsaidia mtu aliyepata taabu. Mtu aliyelala Lokitaung kwa ajili yetu, aliyepigwa kwa ajili ya mzee, leo azuiwe na karatasi ya mahakama? Huruma ilifanya kazi ambayo hofu peke yake isingeifanya. Na mzigo wa huruma hiyo hawakuubeba wao. Aliyekuwa na deni la viboko ni Kenyatta. Waliolipa ni wapiga kura wa Kangundo, ambao haki yao ya kuchagua bila vitisho ilisamehewa na mtu ambaye haikuwa yake.

Septemba 1976 Ngei alikuwa miongoni mwa wanasiasa waliozunguka wakitaka katiba ibadilishwe tena, safari hii makamu wa rais asirithi kiti moja kwa moja rais akifariki. Lengo lilikuwa kumzuia Daniel arap Moi. Mchezo wa kubadilisha katiba ulikuwa umemwonyesha matunda, ungetarajia nini. Lakini mwanasheria mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba hata kuwazia kifo cha rais ni kosa, na kelele zikazima.

Agosti 22, 1978 Kenyatta akafariki, na alifia kwetu, Ikulu ya Mombasa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Marehemu baba yangu alikuwa akifanya kazi bandarini na alizoea kusema kwamba siku hiyo mji ulinyamaza hata makuli wakashusha mizigo kwa kunong'ona. Wakenya walimlilia baba wa taifa. Nafikiri Ngei alikuwa na jambo jingine zaidi la kulilia. Mtu pekee aliyekuwa akimdai hakuwepo tena. Hati yake ya deni ilikuwa haina mlipaji.

Moi hakumtupa mara moja, haikuwa desturi yake kuharakisha. Ngei aliendelea kuwa waziri miaka ya 1980, akihamishwa wizara hii na ile. Lakini Moi hakuwa na Lokitaung. Alichohitaji Ukambani ni mtu wa kumshikia watu, na mtu huyo alimpata kwa Mulu Mutisya, ambaye hakuwa na shule ya Makerere wala jina la Kapenguria, ila alikuwa na utii. Pole pole mfalme wa Ukambani akabaki na taji bila ufalme. Na wadai, ambao miaka yote hiyo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya nje wakingoja, wakanyanyuka.

Mwaka 1990 mahakama ilimtangaza Ngei kuwa amefilisika. Katiba ilisema, na ya leo bado inasema, kwamba aliyefilisika hawezi kuwa mbunge. Kiti kikaondoka, na mara hii hakikurudi.

Kuna watu hulieleza tukio hilo kama ushindi wa sheria. Mimi sioni hivyo. Hebu tukumbuke Bunge la miaka hiyo lilivyokuwa. Juni 1982 lilibadilisha katiba ikawa nchi ya chama kimoja, na mjadala haukujaza hata alasiri. Mwaka 1986 likaondoa kinga ya kazi ya mwanasheria mkuu na mkaguzi wa hesabu za serikali. Mwaka 1988 likaondoa na ya majaji. Bunge lililoweza hayo lingeshindwa na kifungu kimoja cha kufilisika? Lingekikata kabla ya chai ya saa nne. Halikukikata kwa sababu hakuna aliyeliagiza. Sheria ilimkuta Ngei si kwa kuwa ilipata meno, bali kwa kuwa aliyekuwa akiifunga mdomo alikuwa amezikwa Nairobi miaka kumi na miwili iliyopita.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Kisukari kilimla, akakatwa miguu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Yule aliyesimama mbele Lokitaung hakuweza tena kusimama. Alifariki Agosti 15, 2004, akiwa na miaka themanini. Sisi wa Pwani tunajua, kabla jeneza halijainuliwa husimama mtu wa karibu na marehemu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa warithi, na mwenye kuweza kusamehe asamehe. Nimewahi kujiuliza, lau maziko ya Ngei yangekuwa ya kwetu, nani angesimama, na foleni ya wadai ingeanzia wapi. Wenye maduka, sawa, wangejulikana kwa risiti zao. Lakini je, wale waliopikia watoto ugali wa njano usiku? Na wale wa Kangundo wa 1974?

Nilisema nitaeleza kwa nini nimewaletea habari hii. Kuna mheshimiwa mmoja wa huko kwetu, sitamtaja wala eneo lake. Miaka kadhaa nyuma mama yangu alilazwa, bili ikatushinda, na mheshimiwa huyo akaimaliza kwa simu moja. Hakutaka hata kushukuriwa. Mama alitoka, akaishi miaka mitatu zaidi, Mungu amrehemu. Baadaye zikaja habari za pesa za karo za watoto wa eneo lake. Karatasi zililetwa kwangu mimi, kwa sababu naandika. Nilizisoma, zilikuwa na mashiko. Nikaziweka kwenye droo. Nilijiambia kwamba siwezi kuwa mtu wa kwanza kumpiga jiwe aliyemtoa mama yangu hospitali. Watoto ambao karo zao ziliyeyuka hawakumtibu mama yangu wala hawakunidai chochote, lakini mimi nililipa deni langu kwa pesa zao. Karatasi ziko hapa Baba Dogo, ndani ya bahasha ile ile ya kaki. Nimezitoa wiki hii.

Nilipomaliza kutafuta yote haya nilimrudia jirani yangu. Nilimkuta tena kwenye foleni, Jumamosi nyingine, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikamweleza habari za Uhuru Millers, tume, kesi ya Mulli, alasiri ile ya Desemba. Alikuwa akizijua karibu zote. Aliongeza na moja ambayo sikuwa nimeipata, kwamba mwaka ule wa njaa baba yake aliwapa mahindi yake watu wa mashine ile ile, kwa ahadi tu, na malipo hayakuja mpaka mzee akafa.

Nikamuuliza, basi Ngei akifufuka leo na kusimama Kangundo, mzee utampa kura? Hakufikiri hata kidogo. Alisema atampa, asubuhi na mapema kabla ya foleni kuwa ndefu, kwa sababu wangapi wengine wamewahi kujitokeza wapigwe kwa niaba ya mwenzao. Kisha zamu yake ikafika, akanyanyuka, akamimina mahindi yake kwenye mdomo wa mashine, na kelele zikawa nyingi mno kwa mimi kumjibu.